Tahadhari: solenoidi ya volti 24 inabandikwa stika ya volti 12

Wenye injini za dizeli za zamani, zile ambazo pampu moja inalisha nozeli zote na solenoidi ya kukata mafuta (kifaa cha umeme kwenye pampu kinachofungua na kufunga njia ya mafuta) ina waya mmoja, someni hili kabla hamjatoa hela.

Injini yangu ilianza kuzimika yenyewe. Muuzaji wa spea akaniuzia solenoidi "mpya", rangi inang'aa, stika ya volti 12. Nikaifunga. Ufunguo ukiwashwa inagonga kidogo. Stata ikizunguka, kimya. Nikampigia. Akasema bila hata kuiona injini: pampu imekufa, ilete nikupe nyingine, hiyo mbovu nitaichukua mimi. Nilikuwa nimeshashika spana niifungue.

Bahati nilichukua mita ya umeme kwanza. Solenoidi yake ilisoma omu 31 (omu ni kipimo cha ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani). Ile ya zamani niliyoitoa ilisoma 8. Nikabandua stika kwa kucha: chini yake chuma kimegongwa 24V, kimepakwa rangi juu. Koili ya volti 24 kwenye betri ya 12 haina nguvu ya kutosha, na stata ikivuta umeme volti zinashuka zaidi, springi inairudisha plunja (kipini cha chuma kinachovutwa na koili) na mafuta yanakatika. Ukiwa mgeni wa mambo haya utaamini kabisa kwamba pampu imekwisha.

Kujua kama pampu ni nzima: safisha eneo lote, fungua solenoidi, toa plunja na springi yake, rudisha mwili wa solenoidi na oringi (mpira wa kuziba). Injini ikiwaka, pampu haina kosa. Lakini haitazimika kwa ufunguo! Hakikisha kwanza unajua mkono wa kuzimia kwenye pampu uko wapi.

Na kabla ya kununua chochote, vuta waya kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha solenoidi. Ikigonga kwa nguvu, tafuta fyuzi, swichi au waya uliolegea. Yangu ya zamani ilikuwa nzima, plunja ilikwama kwa uchafu tu. Nimeiosha kwa dizeli safi, ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Dukani, dai ipimwe kwa mita mbele yako, na pitisha kidole chini ya stika. Muuzaji huyo hapokei tena simu zangu. Solenoidi yake ninayo. Anayetaka kuona picha ya ile alama ya 24V iliyogongwa aseme, nitaiweka hapa.