Poland walivyotwaa taji la pili Gliwice, nasi tukiwa Tanga

Walimu wenzangu wa kwaya wamekuwa wakiniuliza kama Junior Eurovision, yale mashindano ya Ulaya ya watoto kuimba, yanafaa kuonyeshwa watoto wetu. Yanafaa. Ila andaa bando la kutosha, na awepo mtu mzima wa kuamua ugomvi.

Mwaka ninaowapendekezea kuanza nao ni 2019. Yalifanyika Gliwice, kusini mwa Poland, Jumapili ya tarehe 24 Novemba, na kwa saa zetu yalianza saa kumi na mbili jioni. Kwaya ya watoto ya usharika wetu hapa Chumbageni huwa imemaliza mazoezi saa hiyo na hakuna anayetaka kwenda nyumbani kuteka maji. Yanarushwa bure YouTube. Niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe, nikaunganisha spika ile tunayoitumia kwenye misiba. Watoto ishirini na kitu juu ya mikeka, karanga za kuchemsha kwenye beseni.

Nchi zilizoshiriki zilikuwa 19, lakini mimi nilikuwa nawafuata Poland, kwa sababu historia yao naijua vizuri kama ninavyoijua ya kwaya yangu. Waliingia mwaka wa kwanza kabisa wa mashindano, 2003, wakashika mkia. Mwaka 2004 wakashika mkia tena. Wakajitoa, wakakaa pembeni hadi 2016. Kisha 2018, kule Minsk, Belarus, msichana anayeitwa Roksana Węgiel akawaletea ushindi, ndiyo maana mwaka uliofuata wakawa wenyeji. Mpaka hapo hakuna nchi iliyokuwa imeshinda miaka miwili mfululizo, wala iliyoshinda nyumbani kwake. Haya yote niliwaeleza watoto bendera zikiingia jukwaani, na sidhani kama kuna aliyesikia. Walikuwa wanamkodolea macho Roksana mwenyewe, ambaye safari hii alikuwa mmoja wa watangazaji wa shughuli, akiwa na miaka 14. "Ticha, mtoto ndiye MC?" Ndiye. Kimya kikatanda, halafu nikaanza kuona wengine wanajiweka sawa kola.

Sasa Viki Gabor. Miaka 12, wimbo unaitwa "Superhero", beti za Kipolandi na kiitikio kinaingia Kiingereza. Nitasema ukweli wangu kama mwalimu wa sauti: mara ya kwanza sikuvutiwa. Sauti yake iko chini, ina mikwaruzo, maneno anayatafuna kidogo. Kwenye mazoezi yangu mtoto wa namna hiyo nilizoea kumpeleka sauti ya pili nyuma kabisa, akae hapo ajaze. Yeye kapewa jukwaa zima peke yake. Hapigi kelele, hakimbilii noti ya juu ili ashangiliwe. Anakaa kwenye mapigo, anayachelewesha kidogo kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na kiitikio kinapofika kila mtu anakuwa ameshakijua. Kabla ya mara ya tatu watoto wangu walikuwa wanakiimba, na Kiingereza chao mnakijua.

Aliyeniinua mimi kwenye kiti ni mvulana wa Kazakhstan, Yerzhan Maksim. Huyo alipanda hadi pale ambapo soprano wangu wote wangekimbia, akatulia huko juu, akashuka bila kuteleza. Nilipiga makofi peke yangu. Melani wa Uhispania naye aliimba kwa ile sauti ya opera, na mabinti wawili wa mstari wa mbele wakashikana mikono.

Kinachoyafanya mashindano haya yafae kwa watoto ni kura. Mtu yeyote mwenye intaneti, popote duniani, anaruhusiwa kupiga, hata sisi wa Tanga. Na mwaka huo hukuruhusiwa kuchagua mmoja tu: ilikuwa lazima uchague angalau watatu, mwisho watano. Baada ya wimbo wa mwisho ulipewa dakika 15. Simu ilikuwa moja, yangu. Poland ilipita kwa kelele kabla sijaifungua tovuti. Uhispania ilipita baada ya mabishano. Ya tatu waliniachia mimi Kazakhstan kwa huruma, na binti mmoja wa sauti ya pili akasema wazi, "Ticha anapenda wanaopiga kelele." Nilimwangalia. Ni yule ninayemweka nyuma kabisa.

Kasoro zipo. Mwimbaji mkuu anaimba moja kwa moja, lakini sauti za kuitikia zinaruhusiwa kuwa kwenye mkanda pamoja na ala. Kwa mtu wa kwaya hilo ni kama kuletewa pilau iliyopikwa na nyama ya picha. Unasikia sauti nne tamu, ukiangalia jukwaani yupo mmoja. Watoto walinibana: "Wengine wako wapi?" Pia mwaka huo wapigakura waliruhusiwa kuichagua nchi yao wenyewe, na mwenyeji mwenye watu wengi alifaidika, tusidanganyane. Na mavazi: kuna nchi zinawavika watoto kama mashangazi wanaokwenda kwenye kitchen party. Kile kiduara cha intaneti nacho kilizunguka mara tatu katikati ya nyimbo, ila hilo ni la mtandao wangu, si la Gliwice.

Matokeo yanatangazwa kwa awamu mbili, kwanza majaji wa kila nchi, halafu kura za watu. Kwa majaji aliongoza Yerzhan kwa pointi 148, Viki ana 112. Nilivimba. Niliwageukia watoto nikawaambia majaji ni watu waliosomea. Kisha zikaja kura za watu: Kazakhstan 79, Poland 166. Jumla Poland 278, Kazakhstan 227, Uhispania 212. Karanga ziliruka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba hata Minsk ilikuwa hivyo hivyo. Majaji walikuwa na wapenzi wao wengine, na kura za watu ndizo zilizompandisha Roksana hadi 215. Mataji mawili ya Poland, yote mawili yametoka kwa watu wa kwenye mikeka.

Jumatano iliyofuata, kwenye mazoezi, nilimtoa yule binti wa sauti ya pili nyuma, nikampa ubeti mzima wa pambio la Krismasi aimbe peke yake, kwa ufunguo wa chini. Wazee wa kanisa waliuliza kama anaumwa mafua. Kinamama hawakuuliza kitu, walisimama.

Mwaka 2020 wenyeji walikuwa Poland tena, Warsaw, ila kwa ajili ya Korona kila mtoto alirekodi wimbo akiwa kwao, na ladha ikapungua. Ufaransa ikashinda, Poland ya tisa. Huo unaweza kuuruka. Wa 2021, Paris, usiuruke. Poland walimaliza wa pili kwa pointi 218, Armenia wakachukua kwa 224. Pointi sita. Mwaka huo bando langu lilikata wimbo wa mwisho ukiwa bado haujaisha, hatukupiga kura, na wale watoto, ambao sasa wengine wameota ndevu, wananidai zile pointi mpaka leo.