Uzoefu wangu: nambari za JavaScript kwenye hesabu za maziwa

Nimeandika kwa JavaScript programu ya daftari la maziwa la kikundi kimoja cha wafugaji huku Njoro, kaunti ya Nakuru. Nimeridhika nayo, maana inafunguka kwenye kivinjari cha simu ya karani yeyote bila kusakinisha kitu. Ila nambari zake zina tabia zake, na anayeshika hesabu ya mkulima hana budi kuzijua mapema.

Lugha hii haina aina mbili, moja ya nambari nzima na nyingine ya desimali. Kwa kawaida zote ni biti 64 (tarakimu 64 za 0 au 1), kwa IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha kuandika nambari za desimali kwenye kompyuta. Kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu, na moja ya kumi ikiandikwa hivyo haina mwisho, basi hukatwa njiani. Mkulima akileta lita 1.1 asubuhi na 2.2 jioni, jumla ni 3.3000000000000003. Lugha za Java na Python pia hutoa jibu hilo kwa desimali za aina hiyo. Kwa hiyo mimi huhifadhi nambari nzima, yaani mililita na senti. Bei ikiwa shilingi 50 kwa lita, kila mililita ni senti 5: 3300 mara 5 ni senti 16500, yaani shilingi 165 kamili. Nagawanya wakati wa kuonyesha tu. Nambari nzima ni salama hadi 9007199254740991. Kwa zinazozidi hapo kuna BigInt, aina ya pekee ya nambari nzima kubwa, iliyoingia kwenye kiwango rasmi mwaka 2020.

Kinachoniudhi kweli ni alama ya +. Kilichoandikwa kwenye fomu hufika kama maandishi, kwa hiyo "12" + "8" huwa "128". Mama wa watu kaleta lita 20, daftari linasema 128! Na "12" * 50 hutoa 600 bila shida, hivyo ukijaribu upande wa bei pekee utadhani kila kitu ni shwari. Pitisha kila thamani kwenye Number(), inayogeuza maandishi kuwa nambari, kabla ya kujumlisha. Lakini kagua kwanza kama kisanduku kina kitu, kwani kitupu hugeuka 0, na mkulima ambaye karani amesahau kumwandika si sawa na ambaye hakuleta maziwa. Karani akiandika "12 lita" utapata NaN (yaani "si nambari"), ambayo hailingani hata na yenyewe. Ikague kwa Number.isNaN.

Nambari za simu ziache ziwe maandishi. Ukizigeuza, sifuri ya mwanzo hupotea, na hizo ndizo tunazolipia wakulima.