Raspberry Pi 400 kwa anayeanza kompyuta: mashine inayoonyesha faili linakaa wapi

Anayeanza kujifunza kompyuta hukwama kwanza kwenye jambo moja: hajui kazi yake iko wapi. Ameandika barua, ameiona kwa macho yake, kesho yake haipati. Ukimuuliza aliiweka wapi, anakuonyesha skrini kwa kidole. Kwenye laptop ni vigumu kumsahihisha, maana kila kitu kimefungiwa ndani ya ganda moja. Raspberry Pi 400 inakupa jibu unaloweza kulishika mkononi, na kwa hilo tu tunaihesabu kuwa miongoni mwa kompyuta bora za kujifunzia, ingawa ina kasoro ambazo lazima mnunuzi azijue mapema.

Kwa macho ni kibodi tu: urefu milimita 286, upana 122, unene 23. Ndani ya kibodi hiyo mna kompyuta nzima, yenye prosesa (kifaa kinachofanya hesabu zote) ya viini vinne inayokwenda gigahazi 1.8, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, Wi-Fi na Bluetooth. Ilitoka Novemba 2020. Haina feni, kwa hiyo haipigi kelele hata kidogo. Joto linasambazwa na bamba pana la chuma lililolala chini ya vitufe. Haina skrini, haina betri, haina spika. Matundu yote yako nyuma kwa mstari mmoja: la kadi ya microSD, mawili ya micro HDMI (ya skrini), la umeme la USB-C, matatu ya USB ya kawaida, na la kebo ya mtandao. Huko huko nyuma kuna safu ya pini 40 za kuunganishia vifaa vya elektroniki. Anayeanza aziache kabisa, na asiziguse kwa kitu cha chuma mashine ikiwa imewashwa.

Upungufu huo wa skrini na spika ndio unaofundisha. Mwanafunzi anachomeka kila kifaa mwenyewe, na kila waya unamwambia jambo. Kipanya na kibodi vinapeleka habari ndani. Skrini inatoa habari nje, haihifadhi chochote: ichomoe ukaweke nyingine, barua ni ile ile. Hakuna haja ya kukariri orodha ya "vifaa vya kuingizia" na "vifaa vya kutolea" mtu akiwa amevichomeka kwa mikono yake mara tatu.

Kadi ndiyo moyo wa somo

Mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha mashine), programu na mafaili yote ya mtumiaji yanakaa kwenye kadi ya microSD, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Fanya jaribio hili. Andaa kadi mbili, kila moja na mfumo wake (namna ya kuandaa iko mbele). Ukiwa na ya kwanza, fungua programu ya kuandikia, andika mstari mmoja, uhifadhi kwa jina barua-yangu. Zima mashine kwa utaratibu, chomoa kadi, weka ya pili, washa. Kibodi ni ile ile, skrini ni ile ile, lakini jina la mtumiaji ni jingine, picha ya nyuma ni nyingine, na barua haipo. Rudisha kadi ya kwanza: barua hii hapa. Ukiipeleka kadi hiyo kwenye Raspberry Pi 400 nyingine, barua inafunguka huko pia.

Baada ya hapo tofauti ya hifadhi na RAM inaeleweka bila hadithi ndefu. Fungua ukurasa mpya, andika mistari miwili, kisha funga programu ukikataa kuhifadhi. Mistari ile ilikuwa kwenye RAM tu, na RAM haiweki kitu programu ikishafungwa au umeme ukishakatika. Kilichofika kwenye kadi ndicho kinachobaki. Mwanafunzi akishaliona hili kwa macho, kubonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi kila baada ya aya moja kunakuwa desturi yake, na kwenye mashine hii desturi hiyo ni ya lazima kwa kuwa hakuna betri ya kuiokoa umeme ukikatika.

Jambo dogo linaloleta malalamiko: kadi iliyoandikwa GB 32 inaonekana kama GB 29 ndani ya mashine. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali programu nyingi zinagawanya kwa 1,073,741,824. Sehemu ndogo pia imetengwa kwa ajili ya kuwashia mashine.

Kuiandaa

Inauzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni seti kamili yenye kipanya, chaja, kebo ya skrini, kitabu cha mwongozo na kadi iliyokwisha kuwekewa mfumo. Ya pili ni kibodi peke yake. Kwa anayeanza asiye na mtu wa kumsaidia, seti kamili ndiyo ya kuchukua, kwa sababu matatizo mengi ya siku ya kwanza yanatokana na chaja na kebo za kuokoteza.

Mwenye kibodi peke yake aandae kadi kwa kompyuta nyingine. Unapakua programu iitwayo Raspberry Pi Imager, unachomeka kadi kupitia kisomaji cha kadi, unachagua aina ya mashine, kisha mfumo, kisha kadi ya kuandikia. Hapo kwenye kuchagua kadi tulia. Programu inafuta kila kitu kilichopo pale ulipochagua, na mtu aliyeacha flashi yake imechomekwa anaweza kuifuta badala ya kadi. Chomoa kila kitu kisichohusika kabla ya kuanza, na linganisha ukubwa unaoonyeshwa na ule wa kadi yako.

Kisha fuata mpangilio huu: kadi, kipanya, kebo ya skrini, umeme mwisho. Ukiwa na skrini moja tumia tundu la micro HDMI lililo karibu zaidi na kadi. Umeme ukiingia tu, mashine inawaka yenyewe. Mara ya kwanza itakuuliza nchi, lugha, saa za eneo, jina la mtumiaji, nenosiri na Wi-Fi. Nenosiri lisiwe jina lako, na liandikwe mahali salama. Hapatakuwa na mtu wa kukukumbusha.

Mpangilio wa kibodi ndipo wengi wanapoteleza. Ukichagua mpangilio wa Uingereza huku kibodi yako ni ya Marekani, au kinyume chake, alama ya @ na ile ya kufungulia nukuu zinabadilishana mahali. Mtu anajaribu kuandika anwani ya barua pepe, anapata nukuu, anadhani kibodi mbovu. Kibaya zaidi, nenosiri lenye alama hizo linakataliwa baadaye, na kwa kuwa herufi zake hazionekani, hajui kosa liko wapi. Kabla ya kuweka nenosiri, bonyeza Shift na 2 pale unapoandika jina uone kinachotoka kinafanana na kilichochorwa kwenye kitufe.

Kibodi yenyewe ni nyepesi na vitufe vinabonyea vizuri, ila haina sehemu ya namba upande wa kulia. Herufi za upande wa kulia zikianza kutoa namba ghafla, kufuli ya namba (Num Lock) imewashwa bila kukusudia. Izime, herufi zitarudi.

Umeme, na jinsi unavyoua kadi

Mashine inataka volti 5 na ampea 3. Chaja nyingi za simu zinaonekana zinatosha lakini hazitoshi. Soma maandishi madogo kwenye chaja: chaja ya kasi inaweza kuandikwa volti 9 kwa ampea 3, huku kwenye volti 5 ikitoa ampea 2 tu. Kebo ndefu na nyembamba nayo inapoteza umeme njiani. Volti ikishuka chini ya 4.63 hivi, inatokea alama ya radi au ujumbe wa umeme mdogo kwenye kona ya skrini. Wengi wanaupuuza kwa kuwa mashine inaendelea kufanya kazi, lakini inakuwa imepunguza kasi, na vifaa vya USB vinaweza kujikata. Dawa ni kubadili chaja au kebo. Kuwasha upya hakusaidii.

Kuzima ni somo zito zaidi. Usichomoe umeme mashine ikiwa inafanya kazi. Mfumo unaweza kuwa katikati ya kuandika kwenye kadi, na kilichoandikwa nusu kinaharibu orodha ya mafaili. Mara nyingi utaponyoka. Siku moja mashine itagoma kuwaka. Fungua menyu, chagua kuzima, subiri skrini iwe nyeusi, hesabu sekunde chache, ndipo uchomoe. Fn pamoja na F10 zikishikiliwa kidogo zinazima pia, na zinawasha mashine iliyozimwa huku umeme ukiwa bado umechomekwa. Kwa kuwa kitufe hicho kinafanana na vingine vyote, wanafunzi wengi hawajui kwamba kipo. Huo kwetu ni udhaifu wa kweli wa mashine ya kujifunzia.

Programu

Inakuja na kivinjari Chromium, kihariri cha maandishi, na toleo kamili la mfumo lina LibreOffice kwa barua na majedwali. Menyu iko juu kushoto. Mambo ya msingi yote yapo: dirisha linakuzwa, linapunguzwa, linafungwa; kubofya kushoto kunachagua, kubofya kulia kunaleta orodha ya kazi. Kubofya mara mbili kunawasumbua watu wazima kwa sababu mkono unasogea kati ya bofyo la kwanza na la pili. Kwenye mipangilio ya kipanya kuna mahali pa kurefusha muda huo, na inafaa kufanya hivyo siku ya kwanza kuliko kumwacha mtu ajione hawezi.

Ukiandika Kiswahili kwenye LibreOffice, karibu kila neno litapigiwa mstari mwekundu kwa kuwa programu inasahihisha kwa Kiingereza. Fungua sehemu ya kuongeza programu, tafuta kifurushi kiitwacho hunspell-sw, kisakinishe, kisha weka lugha ya waraka kuwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeona wekundu ukurasa mzima anadhani amekosea kila neno. Mtoe kwenye dhiki hiyo mapema.

Majina ya mafaili yanahitaji uangalifu. Mfumo huu ni Linux, na kwake Barua na barua ni mafaili mawili tofauti. LibreOffice huhifadhi kwa namna iitwayo odt. Ukiwa unamtumia mtu anayetumia Microsoft Word, chagua kuhifadhi kwa docx, au toa PDF kama hatakiwi kubadili kitu.

GB 4 za RAM zinatosha barua, jedwali na kurasa chache za wavuti kwa pamoja. Zinaanza kulemewa ukifungua kurasa kumi na kitu zenye picha na video. Dalili ni kipanya kusita na dirisha kuganda. Usibofye mara ishirini. Kila bofyo linapanga foleni. Subiri, funga kurasa, na ukitaka kujua nani anayekula RAM fungua kisimamia kazi kwenye menyu, upange kwa ukubwa wa kumbukumbu. RAM haiongezwi, imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi.

Kasoro kubwa kuliko zote: programu za Windows zenye mwisho wa exe hazifanyi kazi hapa, na Microsoft Office haisakinishwi. Prosesa ni ya aina nyingine na mfumo ni mwingine. Mtu anayejifunza kwa ajili ya ofisi inayotaka Windows pekee atanufaika na misingi yote, kuanzia mafaili na folda hadi kivinjari na jedwali, lakini atahitaji siku kadhaa mbele ya Windows kuzoea menyu zake. Kama mtihani wake ni wa Excel yenyewe na uko karibu, asinunue hii.

Sauti nayo inapita kwenye kebo ya HDMI tu, hakuna tundu la visikizi. Skrini isiyo na spika itakuwa bubu, na hapo utahitaji visikizi vya USB au vya Bluetooth.

Raspberry Pi 500, iliyotoka Desemba 2024, imeponya baadhi ya haya: RAM ni GB 8, prosesa inakwenda gigahazi 2.4, na ina kitufe cha umeme kinachojulikana kwa macho. Spika na tundu la visikizi bado hamna, na chaja inayopendekezwa ni ya volti 5.1 kwa ampea 5, ambayo ni adimu zaidi kuipata. Kwa anayefungua kurasa nyingi, au anayetaka mashine ya kutumia miaka baada ya kujifunza, ichukuliwe hiyo. Kwa kujifunza peke yake 400 inatosha, na kinachobaki mfukoni kinunue kadi ya pili ya kampuni inayoaminika, iwekewe mfumo na kutunzwa kwenye bahasha kavu. Ya kwanza ikiharibika, darasa linaendelea baada ya dakika mbili, mradi mafaili ya mwanafunzi yamenakiliwa kwenye flashi kila mwisho wa juma.