Miezi mitatu na programu ya kuigiza ukaukaji wa matone

Niliitafuta kwa sababu ya unga uliokuwa ukinitoka mwepesi mno. Tone la mikromita 100 lenye yabisi asilimia 10 ya ujazo wake likikauka vizuri huacha chembe iliyoshiba ya mikromita 46 hivi. Zangu zilizidi 70. Ndani yake palikuwa patupu, na mashine ya kukausha kwa kunyunyiza haisemi kwa nini: tone linaingia, unga unatoka, ya katikati huyaoni.

Programu hii inaligawa tone matabaka kama kitunguu, kisha inakokotoa maji yanavyohama tabaka hadi tabaka. Kwanza niliijaribu kwa maji matupu. Mraba wa kipenyo ulipungua kwa mstari ulionyooka, kama unavyotakiwa, na tone lenye kipenyo maradufu likachukua muda mara 4. Hapo nikaiamini.

Kilichonifaa zaidi ni namba ya Peclet, inayolinganisha kasi ya uso wa tone kurudi ndani na kasi ya yabisi kusambaa kuelekea katikati. Yangu ilikuwa juu sana ya 1. Yaani uso ulikuwa ukiyakusanya yabisi kabla hayajapata nafasi ya kukimbia, ganda likajifunga mapema, tone likabaki kubwa na tupu. Nikapunguza joto la hewa inayoingia kwenye modeli, halafu kwenye mashine. Chembe zikapungua ukubwa kweli, ingawa si kwa kiasi kilekile nilichoonyeshwa kwenye skrini.

Sasa lawama. Usipoigusa, programu inachukulia kwamba kasi ya usambaaji haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Haiwezekani! Mchanganyiko unavyozidi kuwa mzito, usambaaji hushuka vibaya sana. Mwongozo unalitaja jambo hili kwa mstari mmoja, na mimi nilipoteza wiki mbili kabla ya kuuona. Tena, ganda likishafunga, kwake chembe ni mpira wa duara hadi mwisho, ilhali hadubini inanionyesha chembe zilizobonyea na kukunjamana.

Nyota 4 kwa hatua ya kabla ya ganda, 2 kwa inayofuata. Leseni nimeiongeza, ila kipimo cha usambaaji sasa nakipima mwenyewe.