Gesi ya tokeni: inafaa, lakini githeri itakumaliza

Kama uko Kayole na umeona wale vijana wanazunguka ploti wakifunga gesi za mita, mimi ninayo na nasema chukua. Wanakuletea mtungi na stovu, mita inakaa hapo juu, unatuma pesa na M-Pesa hata 50 gesi inafunguka, ikiisha inajifunga yenyewe.

Raha yake ni masaa. Makaa ilikuwa inanitoa kitandani saa kumi na moja nipepee, watoto wanywe chai, jioni nasugua masufuria nyeusi mpaka kucha zinaisha, na hiyo kazi nani hulipa? KNBS, wale wa takwimu za serikali, walifanya utafiti 2021 wakapata wanawake tunaweka karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumba zisizolipwa. Mzee wangu alisema wamezidisha, akarudi kwa mechi.

Na msiniambie gesi ni mambo ya jikoni tu. 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa eti watu waache kuichanganya na diseli, sasa aliyekuwa anachanganya ni mimi na stovu yangu ya utambi? Ikabidi twende gesi, Julai 2021 wakaipiga VAT 16%, mwaka uliofuata ikashuka 8, 2023 wakaitoa kabisa. Hapo katikati mtungi wangu wa kilo 6 ulilala chini ya kitanda mtupu nikarudi kupepea. Kwa vitabu vya Hazina hiyo ni kodi imeingia, yale masaa yangu hayakuandikwa popote.

Ubaya sasa. Githeri inakula tokeni vibaya sana, mimi nachemsha mahindi na maharagwe kwa makaa wikendi nagawa, kwa gesi nakaanga tu. Hizi 50 50 pia zinadanganya, mwisho wa mwezi angalia meseji zako utashtuka. Na mtungi ukiisha usiku, kastoma kea watakuambia asubuhi, ugali iko nusu. Hapo ndio nimewatoa nyota moja, nawapa 4.

Kama unalipwa mwisho wa mwezi na unaweza toa pesa ya kujaza mtungi mara moja, jaza wako. Hii ni ya sisi wa kufua na kuuza mboga, pesa inaingia leo inaisha leo. Alafu ongea na landilodi kwanza, kuna ploti wanakataa ifungwe.