Kuwatembeza wazee hifadhi za magharibi ya Marekani: gari gani ukodi na ipi uikimbie

Kila ikikaribia mwezi wa tano ndugu na marafiki tulio nao huku Marekani wananipigia, na swali ni lile lile, wazazi wamepata viza wanakuja, tunataka tuwapeleke kule magharibi waone Grand Canyon, Zion, Bryce, labda na Yellowstone, sasa tukodi gari gani. Ukiwasikiliza vizuri unakuta wameshachagua tayari, wanataka SUV kubwa nyeusi au ile nyumba ya magurudumu, RV, maana ndo wameziona kwenye picha. Naomba kabla hujaweka namba ya kadi usome hii mpaka mwisho, maana mi nilishakosea na aliyelipia kosa ni mama yangu.

Ilikuwa hivi. Baba na mama walikuja kutoka Tanga, baba ana miaka 76 na sukari, mama ana 71 na goti la kulia limemsumbua miaka mingi. Nilibuki minivani mapema kabisa, tukatua Las Vegas saa nne usiku, kufika kwenye kampuni ya kukodisha kijana wa pale akaniambia minivani zimeisha ila ananipa apgredi ya bure, SUV ile kubwa kabisa ya safu tatu, nikashukuru, nikasaini. Asubuhi mama anapanda mara ya kwanza akasema "mwanangu, hii gari au dari?" tukacheka wote. Siku ya tatu tuko Bryce hakucheka tena. Tumefika kituo cha nne au cha tano cha kuangalia, nafungua mlango, akasema "nyie shukeni tu, mi naona hapa hapa dirishani." Katoka Tanga, kapanda ndege tatu, yale mawe mekundu ya Bryce yamejipanga huko chini kama wanawake waliovaa kanga kwenye harusi, yako hatua chache tu kutoka alipo, na yeye yuko nyuma ya kioo kwa sababu ya urefu wa gari. Hiyo haijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo mi sipangi gari kwa injini wala kwa uzuri, napanga kwa mlango. Piga hesabu: barabara ya Bryce ina maili 18 mpaka Rainbow Point na vituo vya kuangalia vinazidi kumi, ongeza choo, mafuta, chakula, hoteli, mzee anapanda na kushuka mara kumi na tano kwa siku bila wewe kuhesabu. Gari inayomchosha mara moja kidogo itamchosha mara kumi na tano sana.

Namba moja, na wala haina mpinzani, ni minivani. Huku ni Toyota Sienna, Honda Odyssey, Chrysler Pacifica, kwa sisi tuliozoea nyumbani ni Noah au Alphard, na nyie mnajua kwa nini familia zetu zinazipenda. Sakafu iko chini, mlango unateleza pembeni kwa hiyo hata umepaki umebanana na jirani mzee ana nafasi ya kugeuka, anakalisha makalio kwanza afu anaingiza miguu, basi. Safu ya kati ni viti viwili vya kujitegemea, hamna wa kubanwa katikati, baba anaegemea analala bila kumlalia mtu. Sienna kuanzia toleo la 2021 zote ni haibridi na inakwenda kama maili 36 kwa galoni, na kule magharibi unaendesha mbali, Las Vegas mpaka Zion ni kama maili 160, Zion mpaka Bryce kama 85, ukirudi kutoka Grand Canyon mpaka Vegas ni karibu 280. Pacifica yenyewe viti vinazama sakafuni kwa hiyo ukiwa na wazee wawili tu na masanduku mengi (na wazee wetu hawasafiri na sanduku moja) unazamisha viti unapata uwanja wa mizigo, kiti cha magurudumu kinaingia bila kukunja kila kitu. Na chukua hicho kiti hata kama mzee anasema hakihitaji, kile chepesi cha kukunja, njia ya lami pale Bryce kati ya Sunrise Point na Sunset Point ni nusu maili tu ila kwa mtu wa pwani hewa ya kule ni nyepesi, nusu maili inakuwa safari.

Namba mbili ni SUV ya kati, RAV4, CR-V, au Highlander kama mko wanne. Kiti kiko karibu na kimo cha makalio, mtu hapandi wala hazami. Kwa wazee wawili ambao magoti bado mazima na dereva mmoja inatosha kabisa, bei mara nyingi ni chini ya minivani na kuipata ni rahisi. Shida yake ni kiti cha nyuma kwa safari ndefu, na mlango unafunguka kwa nje, kwenye paking iliyobanana mzee anatoka kwa ubavu.

Namba tatu itawashangaza wengine: usikodi gari kabisa, au kodi kwa siku chache tu. Kama dereva ni wewe peke yako na hujazoea milima, au baba ni mtu wa kusema "simama hapa" kila dakika tano na unaona kabisa mtagombana, basi la kitalii lenye dereva na mwongozaji ni pesa halali. Wapo wanaoandaa safari za wazee hasa, Road Scholar kwa mfano wapo tangu 1975, wanakuonyesha kabla hujalipa kila siku mtatembea kiasi gani. Halafu kuna treni ya kutoka mji wa Williams, Arizona, mpaka ukingo wa kusini wa Grand Canyon, ilianza 1901, inakwenda saa mbili na robo hivi, mzee amekaa tu na choo kiko hapo hapo. Baba yangu alifanya kazi reli ujana wake, ile treni aliiongelea kuliko hata bonde lenyewe.

Namba nne sedani, Camry na wenzake. Mafuta kidogo, bei nzuri, ila kiti kiko chini, kuingia mzee anadondokea, kutoka unamvuta mikono. Kwa siku moja sawa.

Namba tano ni ile SUV kubwa ya safu tatu, Suburban, Tahoe, Expedition. Nimeshasema. Ukilazimika kuichukua, nunua kijistuli kipana cha kukanyagia chenye mpira juu na chini, ukiweke mlangoni kila mkisimama, na mshike mzee kiwiko, usimvute kwa kiganja.

Ya mwisho ni RV, na hapa najua ntagombana na watu. Najua inavyovutia, jiko lako, kitanda chako, mama anapika ugali Yellowstone. Ila kaa chini ufikirie nani anafanya kazi. Ngazi ya kuingilia ni nyembamba na imesimama wima, choo ni kidogo kiasi kwamba mtu mwenye goti bovu akikaa kunyanyuka ni vita, kitanda kimoja kiko juu ya dereva, usiku baba mwenye sukari anaamka mara tatu kwenda msalani gizani kwenye korido ya upana wa mabega. Mafuta inakula, maili 8 mpaka 10 kwa galoni ni kawaida. Maji machafu unamwaga wewe kwa bomba. Na kubwa kuliko yote ni barabara: handaki la Zion kwenda Mount Carmel lilifunguliwa 1930, magari ya siku hizo hayakuwa hivi, na kuanzia mwezi wa sita 2026 gari inayozidi upana wa futi 7 na inchi 10 au kimo cha futi 11 na inchi 4 haipiti barabara hiyo, RV nyingi zinazidi, kwa hiyo unazungukia mbali wakati mwenye Sienna ameshafika Bryce anakunywa chai. Kama mna vijana watatu wenye nguvu na mzee mmoja mkakamavu, haya. Vinginevyo hiyo hela iweke kwenye vyumba.

Vyumba navyo viangalie kwa jicho hilo hilo la mlango. Omba chumba cha chini, bafu lisilo na kizingiti cha kuruka, moteli nyingi hazina lifti na wakikupa ghorofa ya pili mzee atazijua hizo ngazi. Hoteli zilizo ndani ya hifadhi zinabukiwa mwaka mzima kabla, na zinastahili. Pale Zion kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja gari binafsi haziingii kwenye bonde, mnapanda basi za hifadhi, ni za bure na kiti cha magurudumu kinapanda, ila aliyelala Zion Lodge anaruhusiwa kwenda na gari yake mpaka hotelini, mzee akichoka saa saba mchana kitanda kiko jirani. Ukikosa, lala mji wa Springdale, mlangoni kabisa mwa hifadhi. Grand Canyon nako kuna barabara ya Hermit inafungwa kwa gari binafsi kuanzia Machi mpaka Novemba, lakini mwenye shida ya kutembea anapewa kibali cha kupita na gari yake, ukiomba getini au kituo cha wageni wanakupa, hailipiwi. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui. Barabara ya Desert View yenyewe iko wazi na ndo nzuri kwa wazee, unasogea na gari kituo hadi kituo mpaka kwenye ule mnara wa mawe wa 1932.

Pasi za kuingilia, hapa mambo yamebadilika usije ukaenda na habari za zamani. Raia na wakazi wananunua pasi ya mwaka ya America the Beautiful kwa dola 80. Mzee wa miaka 62 na kuendelea mwenye uraia au green card ana yake, dola 20 kwa mwaka au dola 80 maisha yote, sasa kama mzazi wako ana green card na bado hujamnunulia hiyo ya maisha, kanunue leo. Ila mzazi aliyekuja na viza ya matembezi haipati hata awe na miaka 90. Tangu Januari 1, 2026 wageni wasio wakazi wana pasi yao ya dola 250, na asiye na pasi kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi, humo wamo Grand Canyon, Zion, Bryce, Yellowstone, Grand Teton na Yosemite, anaongezewa dola 100 kila mtu wa miaka 16 na zaidi juu ya kiingilio. Wazazi wawili kwa hifadhi tatu ni dola 600 za nyongeza tu, kwa hiyo nunua pasi, na nendeni na vitambulisho mkononi.

Njia yenyewe ipange ipande taratibu. Zion chini bondeni ni kama mita 1,200, kidogo chini ya Arusha, kwa hiyo anza hapo, lala siku mbili, afu ndo Bryce ambako ukingo unaanzia kama mita 2,400 na Rainbow Point inafika karibu 2,800. Grand Canyon ukingo wa kusini ni kama 2,100. Mtu akikwambia upitie na Trail Ridge Road kule Colorado ujue inafika mita 3,713, hiyo ni sawa na Horombo kule Kilimanjaro, na mtu wa presha au moyo asipelekwe Horombo kwa gari ndani ya saa mbili bila daktari wake kujua. Yellowstone ni nzuri sana kwa wazee, njia za mbao mpaka kwenye Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto yanayoruka juu, mabenchi ya kukaa kusubiri maji yaruke, nyati wanapita barabarani (msiwasogelee, yadi 25 ndo sheria, dubu yadi 100), ila iko mbali, iweke safari nyingine. Mwezi wa tano au wa tisa na wa kumi ndo muda, Julai pale Zion joto linapita 38 na mzee wa Tanga anaweza kukwambia amezoea, ila hili ni joto kavu, hatokwi jasho analoliona, anaishiwa maji bila kujua. Insulini isiachwe kwenye gari iliyofungwa hata dakika kumi. Bima ya afya ya msafiri inunuliwe kabla hajapanda ndege, na soma kama inagusa magonjwa aliyonayo tayari.

Na gari, ukibuki minivani wanakuandikia "au inayofanana". Pigia simu lile tawi siku mbili kabla, fika mchana, na wakikupa apgredi ya bure kuwa mtu mzima, kataa, subiri minivani irudi au nenda kampuni ya jirani. Usisaini chochote kabla wazee hawajakaa. Mpeleke mama mpaka kwenye gari, mlango ufunguliwe, apande ashuke, apande ashuke, apande ashuke, wewe mikono mfukoni. Akifika mara ya tatu bila kutafuta bega lako, chukua funguo.