Mjadala wa chakula na afya: waliwezaje kumpokonya maiki mkaanga mapanki?

Nilijizuia nisiandike siku ile ile, maana hasira za usiku si za kuaminika. Siku zimepita, lakini nikishika mwiko tu inanirudia. Acha niandike.

Ilikuwa mijadala ile ya wazi, ya bure, kuhusu chakula na sera ya afya, hapa hapa Mwanza. Tangazo lilisema wananchi wote tunakaribishwa. Mimi nauza chakula Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Nikafunga kibanda mapema, nikambembeleza jirani yangu anayekaanga mapanki, yaani vichwa na migongo ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, twende wote. Akauliza kama kuna posho. Hakuna. Akavaa kitenge chake kipya, akaja.

Ukumbi sina neno nao. Mlangoni, binti wa kuandikisha majina alimtazama jirani yangu miguuni kwanza, usoni baadaye, akatupeleka viti vya nyuma kabisa wakati vya mbele vilibaki vitupu hadi tunaondoka. Hilo nimesamehe. Karibu nimesamehe.

Mtoa mada wa kwanza alinikosha. Alieleza sangara alivyopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili, wakaliwa hadi wakaadimika, viwanda vya minofu vikaja, halafu 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya waliovuliwa kwa sumu. Mwaka ule naukumbuka vizuri: nyumbani kwetu tulikula mnofu wa sangara kama watu wa hotelini, maana bei ilianguka.

Akafuata kijana wa suti. Akasema mapanki si chakula cha binadamu, ni mabaki ya kusagia chakula cha mifugo, kwa hiyo kwenye mambo ya lishe tuyaweke kando.

Jirani yangu akasimama. Hakunyoosha mkono, alisimama tu, maiki ikamfuata. "Shikamooni. Mimi nakaanga mapanki mwaka wa kumi na tano sasa, na wateja wangu wote wana miguu miwili." Ukumbi ukacheka, kicheko cha heri. Nilijua anakoelekea, tulilizungumza njiani: kiwandani wakishatoa minofu, minofu inalala kwenye barafu, kichwa na mgongo vinapakiwa gari la wazi, jua linavipiga hadi vimfikie. Alitaka kujua kwa nini barafu ni ya walaji wa huko nje ya nchi tu. Kama hilo si swali la afya, basi sijui afya ni nini.

Hakulifikia. Mwongoza mjadala akamkata: "Mama, tuulize swali, tusipige hadithi, muda hautoshi." Msaidizi wake akaichomoa maiki mkononi mwake kama unavyompokonya mtoto kisu. Mtu mzima. Mbele ya watu.

Na ule muda usiotosha? Punde bwana mmoja aliyekaa mbele akapewa maiki hiyo hiyo, akawa na "maoni mawili na nyongeza", akaongea mpaka watu wakaanza kuangalia simu. Hakuuliza kitu. Hakuna aliyemkata.

Kwa hiyo msiende, wanatafuta picha za kupeleka kwa wafadhili. Ndivyo nilivyotaka kumaliza tathmini hii, na nyota moja.

Ila kuna yule mtaalamu wa lishe, mama wa makamo, ambaye jukwaani aliongea kidogo kuliko wote. Wakati wa chai alikuja huku kwetu nyuma, akavuta kiti. "Dada, malizia lile swali lako." Akaandika habari ya barafu kwenye daftari. Kisha wakahamia kwenye dagaa: mnamla mzima na mifupa yake, kalsiamu yote mnaipata, na bado shehena kwa shehena anakwenda kulishwa kuku. Wakabishana kuhusu kuanika mchangani na kuanika kichanjani, nani atalipia hizo mbao. Chai ikapoa. Hayo ndiyo niliyofungia kibanda, na yalifanyika nje ya maiki, bila kamera. Sasa nyota nimpe nani, ukumbi au yule mama? Naweka mbili, na huenda kesho nikabadilisha.

Jirani yangu anauliza mwingine ni lini, eti anataka ambebee yule kijana wa suti sahani ya mapanki ya moto. Nikamwambia mimi sirudi, bado nimekasirika. Akanicheka: "Maiki nimepokonywa mimi, wewe unanuna ya nini?"